Zahanati inayohama: mwongozo wa huduma ya mkoba kwenye kambi za Wahadzabe

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepangiwa zahanati ya kuzunguka Ziwa Eyasi akaambiwa kwamba eneo lake "lina Wahadzabe pia". Hiyo "pia" ndiyo inayoharibu kazi. Ratiba hupangwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji waliotulia mahali pamoja, na Wahadzabe huhesabiwa kwamba watahudumiwa wakitokea. Mwisho wa robo mwaka hawajatokea, na kwenye taarifa inaandikwa kuwa "mwitikio ni mdogo".

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushee tu, waliotawanyika katika wilaya za Karatu, Mbulu, Meatu na Mkalama, yaani mikoa minne: Arusha, Manyara, Simiyu na Singida. Wengine wanafanya vibarua kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, wengine wanapokea watalii, na wengine bado wanaishi kwa mizizi, asali, ubuyu, matunda ya porini na mawindo. Si watu waliojificha. Majirani zao ni Wairaqw, Wadatoga, Waisanzu na Wasukuma, na Wahadzabe wengi wanaongea Kiswahili vizuri. Kilicho mbali ni huduma. Kwa hiyo kazi yako si kuwatoa porini. Ni kuipeleka zahanati walipo, na kuipanga upya ilingane na maisha yao.

Jambo moja kabla hujaanza: usiwaite "Watindiga". Utalisikia jina hilo kwa majirani. Liache hukohuko.

Hatua ya 1: Jua kambi iko wapi kabla ya kuwasha gari

Kambi kwa kawaida ina watu 20 hadi 30, na huhama. Inahama maji yakikauka, mawindo yakiadimika, watu wakigombana, na pia ugonjwa au kifo kikitokea. Sababu hiyo ya mwisho iweke akilini. Ukikuta kambi imeachwa ghafla, usigeuze gari ukaandika "hawakupatikana". Uliza kwanza kama kulikuwa na mgonjwa. Huenda watu unaowatafuta ndio wanaokuhitaji zaidi mwezi huo.

Mwenyekiti wa kijiji mara nyingi hajui kambi zilipo wiki hii. Wanaojua ni askari wa doria wa kijiji, hasa Bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe wenyewe hulipwa kulinda msitu kupitia mradi wa hewa ukaa. Wanajua pia vijana wanaoongoza watalii Mang'ola, wenye maduka wanaonunua asali, na walimu wa shule za bweni wenye watoto wa Kihadzabe, kwa sababu wazazi huja kuwaona watoto. Siku ya mnada nayo usiikose. Habari zote za porini hupitia pale.

Chora ramani yako mwenyewe yenye kurasa mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika. Kiangazi, maji yanapobaki sehemu chache, kambi hukusanyika na kuwa kubwa. Huo ndio wakati wa kazi zinazohitaji watu wengi kwa pamoja: chanjo za kuziba mapengo, uchunguzi wa kifua kikuu, kupima lishe ya watoto. Masika kambi hutawanyika, na chini ya Bonde la Yaeda gari linazama hadi kwenye bodi. Miezi hiyo panga safari ndogo za pikipiki na miguu, mtu mmoja au wawili wenye mkoba mwepesi, zikilenga wagonjwa unaowajua kwa majina. Kuna maeneo ambako hata hilo halitoshi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imewahi kupeleka kliniki za mama na mtoto kwa ndege ndogo kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 2: Omba ruhusa mara mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya ofisi: Mganga Mkuu wa Halmashauri, mratibu wa chanjo, mtendaji wa kijiji. Hii unaijua, na bila hiyo hupati mafuta wala posho.

Ya pili ndiyo inayosahaulika. Wahadzabe hawana chifu. Hakuna mzee wa kambi anayeweza kukubali kitu kwa niaba ya wengine, hata kama wageni wamezoea kumtafuta. Akitokea mwanamume mwenye Kiswahili kizuri akakwambia "hapa wote tumekubali", mshukuru, kisha endelea kumuuliza kila mtu. Mama anayekataa mtoto wake achomwe sindano leo hajaasi uamuzi wa kambi, maana uamuzi wa namna hiyo haukuwepo.

Fika mapema au jioni. Mchana wanawake wako kwenye kuchimba mizizi na wanaume wameingia porini. Utawakuta vikongwe na watoto. Gari liache mbali kidogo. Salimia, kaa chini, subiri. Usikatize katikati ya mahali ambapo wanaume wamejitenga wakila nyama yao takatifu ya epeme, ambayo wanawake na vijana hawaruhusiwi kuiona ikiliwa. Na kama usiku hauna mwezi na ngoma ya epeme inaandaliwa, zima taa za gari na usitoe simu kupiga picha. Kazi itaendelea asubuhi.

Kitu kingine cha kueleza siku ya kwanza ni kwamba wewe si mtafiti. Wahadzabe wamefanyiwa utafiti tangu hata kabla mwanaanthropolojia James Woodburn hajafika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamepimwa usingizi, mwendo, nguvu wanazotumia kwa siku, hadi vinyesi vyao vimekusanywa kuchunguza bakteria wa tumboni. Ukifika na vikopo vya makohozi bila maelezo, watakuweka kundi hilohilo: mtu anayechukua kitu, anaondoka nacho, harudi na jibu. Eleza kila kipimo ni cha nini, jibu litarudi lini, na nani atalileta.

Hatua ya 3: Funga mzigo kwa ajili ya joto na vumbi

Chanjo kwanza, kwa sababu ndiyo inayoharibika bila kuonyesha dalili. Watu wengi wanaogopa joto wakasahau baridi. Barafu za kibebeo (kisanduku cha kubebea chanjo) zikitoka kwenye friza moja kwa moja zikawekwa kwenye kibebeo, zinaweza kugandisha pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano), chanjo ya nimonia, ya polio ya sindano, ya HPV (saratani ya shingo ya kizazi) na ya pepopunda, na chanjo hizo zikiganda zimekufa. Zitoe mezani usiku wa kuamkia safari au alfajiri, uzipange bila kugusana. Subiri zitoe jasho. Chukua moja, itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani ya barafu, iko tayari. Isiposikika, ngoja, hata kama dereva anapiga honi.

Njiani na kambini, kibebeo kikae kivulini na kifunguliwe kwa kila mtoto, si kukaa wazi. Gari lililoegeshwa juani si kivuli. Angalia alama ya joto kwenye kila kichupa: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara la nje au ukizidi, kichupa hicho kitupwe. Kimiminika cha kuchanganyia BCG (chanjo ya kifua kikuu) na surua-rubela kiwe cha baridi kama chanjo yenyewe, na ukishachanganya una saa 6 tu. Baada ya hapo mwaga, hata kama zimebaki dozi nane.

Hapo ndipo mabishano huanza: je, unafungua kichupa cha dozi kumi kwa ajili ya mtoto mmoja? Fungua. Mjini unaweza kumwambia mama arudi Alhamisi. Huku Alhamisi haipo, na huyo mtoto unaweza kumwona tena baada ya miezi minne. Agiza dozi za ziada mapema na umweleze mratibu wa chanjo kwa nini upotevu wako uko juu.

Vitu vingine vya mkobani:
- vipimo vya haraka vya malaria (visikae kwenye dashibodi, navyo vina ukomo wa joto) na dawa mseto ya ALu ya uzito wote;
- ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha), zinki, amoksilini ya vidonge vya kuyeyuka, parasetamoli;
- artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto chini ya miaka 6, na ya sindano kama una ujuzi nayo;
- adrenalini. Hawa ni watu wa asali, na nyuki wengi kwa wakati mmoja wanaua;
- utepe wa kupima mzunguko wa mkono, mizani ya kuning'iniza, saa yenye mshale wa sekunde;
- chupa safi za lita 1, za kuacha kambini kwa ajili ya kuchanganyia ORS;
- mifuko ya plastiki inayofungika, kalamu isiyofutika, kamba;
- maji na chakula chenu wenyewe. Wahadzabe wanagawana walichonacho, watakupa hata kama ni kidogo. Usiwe wewe ndiye unayepunguza.

Hatua ya 4: Panga siku kwa mpangilio wa kambi

Usipange foleni. Anza na watoto wachanga na wagonjwa walio ndani ya vibanda, halafu wajawazito, halafu wengine wanavyokuja. Wapimaji wawili wanatosha. Timu ya watu wanane wenye makoti meupe inageuka tamasha.

Kambi haina kuta, na maongezi yote yanasikika. Kwa VVU, kaswende, uzazi wa mpango au jambo lolote la siri, ondokeni wawili mkae chini ya mti, mgongo kwa kambi. Mkalimani akihitajika (baadhi ya vikongwe wana Kiswahili kidogo), mgonjwa achague mwenyewe. Usimtumie mtoto kumtafsiria mama yake habari za kizazi.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, ikiwezekana akinyonya. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 4, ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo. Kifua kikibonyea ndani au mtoto akishindwa kunyonya, ni rufaa. Mzunguko wa mkono chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Mpe rufaa au mwingize kwenye matibabu ya lishe siku hiyohiyo. Mtoto chini ya miezi 2 mwenye homa au aliyelegea usimtibie pale. Mwondoe.

Kuhusu elimu ya afya, punguza. Mabango ya maziwa, mayai na mbogamboga hayana kazi katika kambi ya watu wanaokula ubuyu, asali, mizizi na nyama. Na tafadhali, usimwambie mwanamke aliyetoka kuchimba mizizi tangu asubuhi kwamba afanye mazoezi dakika 30 kila siku. Ongea mambo matatu: maji ya kunywa, dalili za hatari kwa mtoto, na kikohozi kisichoisha. Maji ya visima vya mchangani yakiwa na matope, yaache yatulie, yachujwe kwa kitambaa, kisha ndipo dawa ya maji iwekwe. Ukiweka dawa kwenye tope unajidanganya. Vyandarua navyo, usigawe ukaondoka. Kibanda cha nyasi cha duara hakina kona nne za kufungia chandarua cha mstatili. Ingia na mwenye nyumba, mfunge pamoja kwenye fito, na muulize kiangazi wanalala wapi. Wengi watakwambia nje, karibu na moto.

Hatua ya 5: Kubali kwamba dawa itagawanywa

Hii ndiyo hatua ambayo mafunzo ya chuoni hayaigusi, na ndiyo inayoamua kama matibabu yako yatafanya kazi.

Kwa Wahadzabe, mwenye kitu humpa anayeomba. Nyama iliyoingia kambini haikai kwa mwindaji peke yake, na mtu anayeficha hudharauliwa. Sasa wewe umempa kijana mmoja vidonge vya ALu vya siku tatu. Jioni ndugu yake anaumwa kichwa, anaomba. Mama mkwe ana viungo vinauma, anaomba. Kufika kesho yake dozi moja imekuwa ya watu wanne, hakuna aliyepona, na kwenye daftari lako imeandikwa "ametibiwa". Kumgombeza hakusaidii, kwa sababu alichofanya ni adabu.

Fanya hivi. Kwanza, usimtibu mmoja ukawaacha wengine wakitazama. Kila mwenye malalamiko msikilize, mpime, mpe kinachomhusu hata kama ni parasetamoli mbili na maelezo. Asiyekuwa na haja hataomba. Pili, acha kambini vitu ambavyo kugawana kwake hakuna madhara: pakiti za ORS, sabuni, bandeji. Vikabidhi hadharani, kwa kambi yote, ili ionekane tofauti kati ya mzigo wa wote na dawa ya mtu. Tatu, eleza mbele ya watu kwamba kidonge hiki ni cha yule ambaye kipimo chake kimeonyesha mistari miwili, na kwamba kikigawanywa ugonjwa unarudi ukiwa mkali. Waonyeshe kipimo chenyewe. Watu wanaosoma nyayo za mnyama kwenye mchanga mkavu hawashindwi kusoma mistari miwili.

Nne, laleni kambini kama inawezekana. Dozi ya kwanza ya ALu anaimeza mbele yako baada ya kula kitu chenye mafuta, ya pili baada ya saa 8, na asubuhi unampa ya tatu kabla ya kuondoka. Zinabaki tatu badala ya tano. Hizo zikate kwenye pakiti, uchore jua linalochomoza kwenye ya asubuhi na jua linalozama kwenye ya jioni, na umkabidhi mgonjwa pamoja na mtu mmoja aliyemchagua yeye.

Mara nyingi mtu huyo atakuwa bibi. Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliandika sana kuhusu bibi wa Kihadzabe na jinsi uchimbaji wao wa mizizi unavyowalisha wajukuu mama akiwa na mtoto mchanga. Kwa mhudumu wa afya faida yake ni ya moja kwa moja: bibi yuko na mtoto, anajua amekula nini, na neno lake linasikika. Maelekezo ya zinki ya siku 10 hadi 14 au amoksilini ya siku 5 mpe mama, yarudie kwa bibi.

Hatua ya 6: Kifua kikuu, kazi ya miezi sita

Yeyote aliyekohoa wiki 2 au zaidi, chukua makohozi. Mfundishe kukohoa kutoka kifuani, akae mbali na wengine, upepo ukiwa mgongoni kwako. Makopo yaende kwenye chombo chao chenye baridi. Kamwe yasichanganywe na chanjo. Jibu rudisha hata kama halina ugonjwa, kwa ahadi uliyoitoa kwenye hatua ya 2.

Akikutwa nao, matibabu ya kawaida ni miezi 6, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili. Usimwambie asihame. Atahama, na akihama bila kukuambia umempoteza. Mwambie: "Ukitaka kwenda kwa ndugu zako, nenda, ila nipe habari nikuandikie barua na dawa za njiani." Ongea na zahanati za upande wa pili wa ziwa wamjue kabla hajafika. Watoto chini ya miaka 5 waliolala naye wachunguzwe, na wasio na ugonjwa waanzishiwe kinga. Dawa za kifua kikuu ni bure. Lirudie hilo mara kadhaa, kwa sababu watu wameshawahi kuombwa hela mahali wasipopaswa.

Hatua ya 7: Mjamzito

Wanawake wengi hujifungulia kambini wakisaidiwa na wanawake wazima. Ukianza kwa kukemea, mimba inayofuata utafichwa. Kila unapokutana na mjamzito, fanya yote kwa mara moja kana kwamba humwoni tena: damu, VVU, kaswende, malaria, presha, chanjo ya pepopunda, madini ya chuma na foliki, SP (dawa ya kukinga malaria) kama ameshapita miezi mitatu ya mwanzo. Muulize atazalia wapi, kisha panga na wale wanawake watakaokuwepo.

Wape dalili za hatari kwa lugha ya jua: uchungu ulioanza jua likichomoza, jua limezama na mtoto hajatoka, aondoke. Damu inayolowanisha nguo kabla ya mtoto, au isiyokatika baada yake, aondoke. Degedege, kichwa kinachopasuka, macho kuona ukungu, chupa kupasuka bila uchungu, vivyo hivyo. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, au mwenye mimba ya kwanza akiwa binti mdogo, mshawishi akasubirie karibu na hospitali. Hataenda peke yake, kwa hiyo panga chakula na nafasi ya mama yake na mtoto wake mdogo.

Hatua ya 8: Nyoka, mbuyu na mshale

Aliyeumwa na nyoka asikatwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kuzuia damu. Vua shanga na bangili kabla mkono haujavimba, funga kiungo kwenye kijiti kisitikisike, mbebe, asitembee. Koboko hulegeza misuli ya kupumua, hivyo kope zikianza kulegea muda umekwisha. Moma huvimbisha na kuozesha. Kwa vyote viwili tiba iko hospitali, na kabla ya msimu kuanza piga simu ujue ni hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka kweli, si kwenye orodha.

Wanaume hupanda mibuyu mirefu kwa vigingi kufuata asali, na huanguka. Aliyeanguka asiinuliwe kwa makwapa. Kata miti miwili, funga khanga au ngozi katikati, mviringisheni watu watatu kwa pamoja, kichwa na shingo vikiwa sawa na mgongo. Jeraha la mshale wenye sumu lioshwe kwa maji mengi, kisha safari ianze papo hapo. Sumu hiyo hupiga moyo, na mtu anaweza kuonekana mzima kwa muda.

Hatua ya 9: Rufaa yenye njia ya kurudi

Kabla ya msimu, jua mahali simu inaposhika: kilima gani, jiwe gani, na uwaonyeshe watu wa kambi. Kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, namba ya bure ya m-mama (usafiri wa dharura) ni 115. Kwa wengine, kubaliana mapema na mwenye pikipiki au gari na bei iandikwe. Kijiji chenye mapato ya hewa ukaa kinaweza kuwa na fungu la matibabu. Kaa kwenye mkutano unaopanga fedha hizo badala ya kulalamika baadaye.

Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa malipo, lakini msamaha huulizwa kitambulisho na umri, na Wahadzabe wengi hawana karatasi. Andika barua ya utambulisho kabla hajaondoka. Andika pia jina la ndugu anayemsindikiza, kwa sababu wodini ndugu ndiye anayepika.

Na hili ndilo linalowafanya watu wakatae rufaa kuliko gharama: mgonjwa anapona, anaruhusiwa, anaachwa getini bila nauli, katika mji asioujua. Hadithi hiyo ikifika kambini, rufaa tano zinazofuata hazitakubaliwa. Nauli ya kurudi iwe kwenye bajeti ileile ya kwenda.

Hatua ya 10: Kumbukumbu

Vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) vinaandika watu kwa kijiji. Wewe tunza daftari la pili linalomfuata mtu: jina, jina la mama, kambi alizowahi kuonekana, chanjo, tarehe. Umri ukadirie kwa matukio yanayojulikana, mvua kubwa, ukame, mwaka shule ilipofunguliwa. Kadi ya mtoto iwe kwenye mfuko wa plastiki, na nakala yake ibaki kwako, maana kibanda cha nyasi na kadi ya karatasi havikai pamoja muda mrefu. Mtoto aliyekosa miezi mingi usimwanzishie upya. Endelea pale alipoishia, pentavalenti ikiachana angalau wiki 4. Surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 ndizo zinazopotea zaidi, kwa hiyo kila mtoto aliyeota meno na anayetembea angalia kwanza hizo.

Hatua ya 11: Mtu wa kambini, na siku utakapohamishwa

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii achaguliwe na Wahadzabe wenyewe, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Vigezo vya elimu vikikwamisha, usiweke kijana wa kijijini asiyejua kambi ukaona umemaliza. Mchukue huyo kijana kwa ajili ya daftari, na umpe mwenza wa Kihadzabe kwa ajili ya kila kitu kingine, naye alipwe kwa siku kama mwingine anavyolipwa. Kumtumia mtu bure kwa kuwa "ni wa hapohapo" ni wizi.

Uhamisho wako utakuja kwa barua ya ghafla, kama unavyokuja kwa wote. Omba wiki moja. Mpeleke atakayekupokea kwenye kambi zote unazoweza kufika, mkabidhi ramani ya kurasa mbili na daftari la watu, na mbele ya kila mgonjwa wa kifua kikuu taja ni siku gani huyu mpya ataleta dawa. Namba za askari wa doria, za mwenye pikipiki na za wodi ziandike kwenye jalada la ndani, kwa kalamu isiyofutika.